Ukuta Una Mwenyewe: Somo la Kupanga na Kuendesha Kazi ya Sanaa ya Jamii

Mwaka huu nimepewa kurasa hizi niandike somo juu ya kupanga kazi ya sanaa pamoja na watu wa mtaa. Nilimwuliza mwalimu mlezi wetu nianzie wapi. Akaniambia, "Anza pale mlipoharibu. Mkianza na pale mliposifiwa hakuna atakayejifunza kitu." Basi nimetii. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, nami naandika ili watakaokuja nyuma yetu wasirudie letu.

TULIVYOHARIBU

Mwaka juzi chama chetu kilikuwa na wanachama 34 na hamu kubwa. Tulitaka kuacha alama katika mji wa Lamu. Mwenzetu mmoja hodari wa kuchora alituonyesha daftari lake: jahazi limetweka tanga, nyuma yake minazi, na chini yake methali kwa herufi kubwa. Sote tukapiga makofi. Tukachangishana shilingi 150 kila mtu, zikapatikana shilingi 5,100, tukanunua rangi ya mafuta na brashi. Mwingine akasema anaujua ukuta mzuri, mpana, mweupe, katika njia ya kuteremkia pwani, chini yake pana baraza. Tukamwuliza kijana aliyekuwa akikaa nyumba ile, naye akasema, "Pakeni tu, hakuna neno." Jumamosi na Jumapili kazi ikaisha. Tukapiga picha mbele ya jahazi letu. Jamani, tulijiona!

Masika yakaja. Kufikia mwisho wa Mei rangi ilianza kufura kama hamri katika mafuta. Kisha ikapasuka, na kila kipande kilichodondoka kiliondoka na lipu ya zamani. Mwezi wa Juni jahazi lilikuwa limezama kabisa, na ukuta umebaki na madonda, mawe ya matumbawe yako nje.

Kumbe yule kijana hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji. Mwenyewe ni bibi mtu mzima aliyekuwa Mombasa kwa matibabu muda wa miezi minne. Aliporudi akatuma mtu tuitwe. Tulikwenda sita pamoja na mwalimu. Tukambusu mkono, tukaketi mkekani, tukangoja matusi. Hakututukana. Alisema taratibu, kwa Kiamu chake: "Ukuta hunu aliupaka chokaa babangu kwa mikono yake. Muyi una wenyewe, wanangu, na ukuta una mwenyewe. Mbona hamkuniuza?"

Kwa wasomaji wa bara nieleze kwamba kuuza, kwa Kiamu, ni kuuliza. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Lakini kilichoniuma zaidi ya ukuta ni lile baraza. Wazee wa mtaa walikuwa wakikaa pale kila siku baada ya Alasiri, wakizungumza na kucheza bao. Lipu ilipoanza kuwadondokea kwenye kanzu walihama, mmoja huku na mwingine kule. Nikawa nikipita kila jioni naona baraza tupu, na najua ni kwa mikono yetu.

KWA NINI LIPU ILIANGUKA

Hebu tuanze na sababu ya kifundi, kwa kuwa mpangaji wa kazi asiyejua vifaa vyake ni kama nahodha asiyejua maji. Nyumba za zamani za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, yakazimwa kwa maji, kisha yakachanganywa na mchanga. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, pamoja na chumvi, na hali ya jua ikija huutoa tena nje. Kwa maneno ya fundi wetu, ukuta "unapumua".

Rangi ya mafuta huziba pumzi hiyo. Maji hubaki ndani, hutafuta njia, na chumvi hukusanyika nyuma ya rangi hadi lipu inasukumwa na kuanguka. Saruji nayo ikipakwa juu ya chokaa huleta taabu hiyo hiyo. Chokaa nyeupe ya kupaka haina neno, kwa sababu nayo hupumua. Fundi yeyote wa mtaa angetuambia haya kwa dakika tano. Hatukumwuliza.

SANAA YA JAMII NI NINI?

Baada ya aibu ile mwalimu alitutaka tusome kabla ya kushika brashi tena. Tulianza na maana. Mtu akichora picha yake chumbani, hiyo ni sanaa ya mtu. Akija akaichora barabarani, bado ni sanaa yake, ila ameitoa nje. Sanaa huwa ya jamii pale ambapo watu wa mahali wameshiriki katika kuamua ifanywe nini, wameshiriki kuifanya, na watabaki nayo na kuitunza. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, ni sanaa iliyowekwa juu ya jamii tu. Kwa kipimo hicho jahazi letu halikuwa sanaa ya jamii hata kidogo.

Kisha tukatafuta mifano ya watu waliofanya vizuri. Nitaitaja mitatu.

Wa kwanza ni Kamiriithu, karibu na Limuru. Mwaka 1977 watu wa kijiji kile, wakulima na vibarua, walijenga wenyewe jukwaa la wazi la maonyesho, wakaigiza tamthilia ya Kikuyu ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii. Sisi wa Kiswahili tunaijua kwa tafsiri yake, Nitaolewa Nikipenda. Waandishi walileta mswada, lakini wanakijiji waliusahihisha: huyu mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Maonyesho yalianza Oktoba 1977, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo serikali ikafuta kibali. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Tulijifunza mawili hapo. Moja, wasomi walikubali kusahihishwa na watu ambao wengine hawakusoma shule, na ndiyo sababu watu waliiona tamthilia kuwa yao. Pili, kibali ni jambo zito, hata kwa kazi inayopendwa na umma.

Wa pili uko hapa hapa kwetu. Ni lile jahazi la Flipflopi lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa. Wazo lilianza mwaka 2016. Kiasi cha tani 10 za takataka za plastiki zilikusanywa, zikayeyushwa na kufanywa mbao, na ubavuni likapambwa kwa vipande vya kandambili kuukuu zipatazo 30,000, zile ambazo sisi huziita patipati. Mkuu wa mafundi alikuwa Ali Skanda wa Lamu, naye na wenzake walitumia ufundi ule ule wa kuunda jahazi la mti. Liliteremshwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kilomita 500 hivi kutoka Lamu hadi Unguja, likipitia miji ya pwani na kufundisha watu habari ya taka za plastiki.

Tazama hesabu ya wakati hapo. Kutoka wazo hadi maji ni miaka miwili, na sisi tulitumia siku mbili. Tazama pia msimu. Walisubiri kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, Disemba hadi Machi, unaopeleka vyombo kusini. Kazi iliyopangwa hufuata upepo wa mahali.

Mfano wa tatu ni Maulidi ya Lamu, ambayo asili yake ni Habib Saleh na Msikiti wa Riyadha. Maulidi kwanza ni ibada, na si adabu kuyaita mradi. Lakini mtu akitaka kujifunza kupanga, na aangalie Mfungo Sita unapokaribia. Wageni huja kutoka pwani nzima na nje yake, na wote hupata pa kulala na chakula. Kuna dufu, kuna kirumbizi, kuna mashindano ya punda na ya mashua. Kila shughuli ina wenyewe wanaoijua, na mzee akichoka yupo kijana aliyekuwa akimtazama tangu utotoni. Hakuna asiyejua kazi yake. Hiyo ndiyo kamati iliyokomaa!

HATUA ZA KUPANGA

Mwaka jana tulirudi kwa yule bibi, tukamwomba ruhusa ya kurekebisha tuliloharibu. Alitutazama kitambo, akasema, "Sasa mumeuza. Haya." Hatua zifuatazo ni zile tulizozifuata, na katika kila moja nitasema yaliyotupata.

1. Uliza kabla ya kuchora. Tuligawanyika wawili wawili. Wasichana waliingia majumbani kuzungumza na akina mama, wavulana wakaenda mabarazani na gatini. Kila mtu aliulizwa maswali matatu tu: Mahali hapa unapendani? Kumepotea nini? Na wewe mwenyewe ungefanya nini kwa mikono yako? Tuliwauliza watu 52. Hakuna hata mmoja aliyetaka picha ya jahazi. Mzee mmoja alicheka akasema, "Jahazi naliona kila siku, lile pale limefunga nanga." Wengi walitaja baraza.

Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa. Kwa swali hilo tulimpata fundi wa chokaa, fundi wa nakshi, akina mama wapishi, na mzee mwenye punda wawili.

2. Andika lengo kwa sentensi moja. Likishinda sentensi moja, bado halijaeleweka. Letu lilikuwa hili: Kurudisha lipu ya chokaa na baraza lake, na kuweka ubao wa nakshi wenye maneno yaliyotungwa na watu wa mtaa. Kila aliyetaka kuongeza jambo, tulimsomea sentensi ile. Mmoja alitaka taa za rangi. Tulisoma sentensi, akanyamaza.

3. Tafuta ruhusa zote, na kwa maandishi. Anza na mwenye mali, si mpangaji wala jirani. Kisha mzee wa mtaa na chifu. Kwa hapa Lamu usisahau kwamba mji wa kale uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na urithi wa nchi unalindwa na Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006. Kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta wa zamani nenda katika ofisi ya Makavazi ya Kitaifa hapa mjini ueleze unataka kufanya nini na kwa kifaa gani. Tulidhani tutakatazwa. Tulipewa mawaidha ya bure, tena mazuri. Yule bibi hajui kuandika herufi za Kizungu. Alitia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu sote.

4. Gawa kazi, na usijipe zote. Tulifanya kamati ya watu saba: wanne wa mtaa na watatu wa chama. Mweka hazina alikuwa mama wa mtaa, si mwanafunzi. Jambo hili baadhi yetu hawakulipenda mwanzoni. Lakini fedha ikiwa mikononi mwa watu wa mtaa, mtaa huiona kazi kuwa yake. Pia fundi asifanywe kibarua wa kuamrishwa. Fundi ni mwalimu. Tulipatana naye kwamba kila siku ya kazi atakuwa na wanafunzi wanne wa kumfundisha.

5. Piga hesabu kabla, kisha iweke wazi. Tulibandika bajeti hii mlangoni mwa duka la mtaa:

Chokaa, mchanga na punda wa kubeba: sh. 6,500
Ubao wa mbambakofi: sh. 4,000
Fundi wa chokaa, siku 4: sh. 6,000
Fundi wa nakshi: sh. 5,000
Chai, mahamri na maji: sh. 2,500
Dharura, sehemu moja kwa kumi: sh. 2,400
Jumla: sh. 26,400

Sasa mapato. Wanachama tulikuwa tumefika 41, tukatoa shilingi 200 kila mtu, ikawa 8,200. Mtaa ulichanga 9,700. Akina mama waliuza viazi vya karai na mabuyu jioni nne, wakaleta 5,600. Jumla 23,500. Pengo lilikuwa shilingi 2,900, na lilitunyima usingizi. Lakini fundi wa chokaa alisamehe ujira wa siku moja, shilingi 1,500, na katika fungu la dharura tulitumia 900 tu. Hivyo matumizi yote yakawa 23,400. Ikabaki shilingi 100, tukanunua ufagio wa baraza. Funzo ni kwamba mtu hasamehi ujira wake kwa jambo la wageni. Husamehe kwa jambo lake.

6. Tengeneza kalenda ya mahali. Usichukue kalenda ya ukutani tu. Tuliandika kwanza siku ambazo kazi haiwezekani: masika, mfungo wa Ramadhani, Maulidi, na mitihani yetu. Kisha tukaandika mambo ya maji, kwa kuwa ubao ulitoka bara kupitia Mokowe na mchanga uliletwa kwa dau, na dau halingoji kengele ya shule. Tena chokaa haipendi haraka. Lipu mbichi ikipigwa na jua kali hupasuka, sharti ifunikwe magunia yenye maji na iachwe ikauke pole pole. Tulichagua mwezi wa Agosti, wakati wa likizo, mvua kubwa zimekwisha na jua halijawa kali.

7. Fanya kazi, na ujiandae kwa ugomvi. Ugomvi wetu haukuwa wa fedha. Ulikuwa wa maandishi. Tulitangaza shindano la utungaji katika mtaa, mishororo miwili ya shairi juu ya baraza, zikaja tungo 17. Zilisomwa kwa sauti bila majina, watu wakapiga kura kwa kokoto. Aliyeshinda ni mama anayeuza mahamri asubuhi. Yeye alitunga kwa mdomo, binti wa chama chetu akamwandikia. Mishororo yenyewe ni hii:

Baraza si kujengeka, baraza ni wakaao,
Watu wakipukutika, mawe hayana kikao.

Kila nusu ina mizani nane. Hesabu mwenyewe. Zilipomaliza kusomwa, sisi tuliopaka jahazi tulitazamana. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Basi ugomvi ukawa hivi: iandikwe kwa herufi gani? Wazee walisema kwa karne nyingi Kiswahili cha Lamu kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ndivyo alivyoandika bwana Muhamadi Kijuma, aliyeishi hadi mwaka 1945, naye alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga nakshi kwa pamoja. Vijana walisema mtoto wa leo hatasoma. Baraza mbili zilivunjika bila jibu. Katika ya tatu fundi wa nakshi, ambaye alikuwa amenyamaza siku zote, aliuliza upana wa ubao, akapima kwa shubiri, akasema, "Zitaenea zote mbili. Juu moja, chini moja." Ikaisha. Ninachotaka ujue ni kwamba zile baraza mbili zilizovunjika hazikuwa hasara. Kama tungeamua wenyewe chamani, ubao ungekuwa wetu, na nusu ya mtaa ingepita imegeuza uso.

Ubao haukupigiliwa misumari. Umekaa juu ya vigingi viwili vya zamani vilivyokuwapo ukutani tangu zamani za baba yake bibi.

8. Panga utunzaji kabla ya sherehe. Hili husahauliwa na karibu kila mtu. Sherehe ni ya siku moja, ukuta ni wa miaka. Tulikubaliana, tukaandika: chokaa itapakwa kila mwaka kabla ya Ramadhani, chama kitoe vijana, mtaa utoe chokaa. Ufagio unakaa kwa mama wa mahamri. Mwanachama anapomaliza shule humkabidhi mwingine daftari la kazi, lenye namna ya kuchanganya chokaa, majina ya waliochanga na risiti zote.

9. Pima kazi kwa lengo lake. Makofi si kipimo. Lengo letu lilikuwa baraza, kwa hiyo tulihesabu watu. Kila Alhamisi baada ya Alasiri mmoja wetu alipita na kuandika idadi ya waliokaa. Mwezi wa Julai, kabla ya kazi, ilikuwa sifuri wiki zote nne. Mwezi wa Septemba: 5, 9, 11, 14. Yule mzee wa jahazi lililofunga nanga sasa ana mahali pake pa kudumu, na bao lake.

YALIYOTUSHINDA

Somo la kweli halifichi. Tulichelewa wiki tatu, kwa sababu gunia mbili za chokaa zilinyeshewa njiani na hatukuwa na turubai. Hapo ndipo zilipokwenda zile shilingi 900. Pia tuliwasahau watoto wadogo. Hatukuwapa kazi, wakaandika majina yao kwa kidole kwenye lipu mbichi. Fundi alitaka kuyafuta, bibi akakataa. Alisema, "Wawate. Wao wameuza kwa mikono yao." Yako pale mpaka leo, chini kabisa, upande wa kushoto.

La tatu ni zito. Katika wazee waliokuwa wakikaa baraza lile alikuwamo mmoja aliyependa pembe ya ndani, penye kivuli. Lipu ilipoanza kuanguka yeye alihamia ndani kwake, kwa kuwa miguu haikumwezesha kwenda baraza la mbali. Alifariki mwezi wa Julai, kabla hatujachanganya chokaa. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi wenzake hawakukaa naye kama walivyozoea. Ukuta tumeulipa. Mwaka ule hatuwezi kuulipa. Ndiyo maana nasema kupanga si kazi ya karatasi ya kumpendeza mwalimu. Unapokwenda mahali pa watu na brashi yako, umeshika pia nyakati zao, na wengine hawana nyakati nyingi za kungoja ujifunze.

HITIMISHO

Wanachama wenzangu, visiwa vyetu vina kazi nyingi zinazongoja mikono. Matondoni kuna waunda majahazi, Siyu kuna ufundi wa ngozi, Pate na Faza kuna wenye nyimbo na tungo. Ukitaka kuanzisha jambo huko, usiende na mchoro daftarini. Nenda na maswali matatu, ukae mkekani, usikilize. Mchoro utakuja wenyewe, na huenda usiwe mchoro. Kwetu ulikuja ukiwa ni chokaa na ubao.

Ni matumaini yangu kuwa mmenufaika. Nilipokosea mnisahihishe, kama wazee walivyotusahihisha. Wabillahi taufiq.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya sanaa ya mtu iliyotolewa nje na sanaa ya jamii. Toa mfano wa kila moja kutoka kwenu.
2. Kwa nini rangi ya mafuta haifai juu ya lipu ya chokaa?
3. Andika lengo la kazi moja unayoitamani katika mtaa wako, kwa sentensi moja tu.
4. Tengeneza kalenda ya miezi sita ya mahali unapokaa. Anza na siku ambazo kazi haiwezekani.
5. Hesabu mizani ya mishororo miwili iliyo katika somo, kisha tunga ubeti wako juu ya mahali ambapo watu wa kwenu hukutana. Kabla ya kuuandika popote, uza kwanza.

MSAMIATI WA KIAMU

hunu: huu
kuuza: kuuliza
kuwata: kuacha
muyi: mji